Kikuza Sauti Ndani ya Kijaluba



Katika nyumba zetu za pwani, ambamo vizazi vitatu hulala chini ya dari moja, sauti ni kitu cha kugawana kama maji ya birika. Mwenye mtihani ataka kimya, mtoto mchanga ataka usingizi, na mzee ataka kusikia. Juma hili tumeonelea tuyaweke kando masuala ya mirathi na eda tuliyokuwa tukiyajibu, tuzungumze juu ya kifaa kidogo kilichotengenezwa nyumbani kwetu ili haki hizo tatu zipate kupatana. Kifaa chenyewe ni kikuza sauti cha hedifoni, ambacho mafundi hukiita amplifaya. Kukiunganisha kulikuwa kazi ya jioni mbili. Kuchagua vipuri vyake, na zaidi ya hapo kuchagua kasha la kukitia, kulituchukua mwezi mzima, na hilo ndilo tunalotaka kulieleza.

Bibi wa watoto wetu, mama mzazi wa mama yao, amepita miaka themanini. Marhumu mumewe alikuwa akisomesha darsa ya tafsiri barazani kila Ramadhani, na katika miaka ya 1980 wanafunzi wake walizinasa darsa hizo kwa kaseti. Miaka michache iliyopita mpwa mmoja alizihamisha kaseti zilizosalimika akazitia katika memori kadi ya redio ndogo, zile redio za kubeba mkononi. Sauti yake ni dhaifu, maana kinasa sauti kiliwekwa mbali na msomeshaji, kwenye shina la nguzo. Bibi akitaka kusikiliza hulazimika kuifungua redio hadi mwisho, na mwisho wa redio ile ni kukoroma tu: spika yatetemeka, mjukuu aamka, jirani agonga ukuta. Tukamnunulia hedifoni za kufunika sikio zima. Sauti ikawa safi lakini ndogo, kwa kuwa redio ile haina nguvu ya kuzisukuma. Kelele zile tungeweza kuzistahimili. Lililotutia uchungu ni siku Bibi alipoacha kuiomba redio kabisa, akasema hapana neno, darsa zote ameshazihifadhi.

Kabla chuma cha kulehemia hakijashika moto, Bibi alipelekwa kwa daktari wa masikio. Twalitanguliza hili kwa makusudi, kwa sababu wako ambao wakisoma makala haya watakimbilia dukani kabla ya kwenda hospitali. Masikio yalisafishwa nta, na hilo peke yake lilirudisha sehemu ya usikivu. Kipimo kikaonyesha kwamba kilichobaki ni upungufu wa uzee, ambao huanza kula sauti nyembamba za juu. Mwenye kupatwa nao husikia kwamba mtu anazungumza, ila maneno humponyoka, hasa penye herufi kama s, f, sh na th. Kwa mwanamke aliyesoma tajwidi tangu utotoni, kutoipambanua sini na thaa ni mtihani mzito. Kifaa cha kitabibu cha kusaidia usikivu hupangwa kwa kipimo cha sikio la mtu mmoja, kikazikuza zaidi sauti zile alizozikosa. Kikuza sauti cha kutengeneza nyumbani hukuza zote kwa pamoja, za chini na za juu, na uvumi wa kaseti juu yake. Kwa hivyo hakichukui nafasi ya kile cha daktari, ambacho wanawe Bibi wanakichangia hivi sasa. Daktari alituruhusu kutengeneza hiki cha darsa kwa sharti moja la kiwango cha sauti, nalo tutalifikia.

Mwenye kazi hii nyumbani ni binti yetu aliye kidato cha tatu. Saketi aliyoichagua ina asili yake kwa Mmarekani aitwaye Chu Moy, aliyeieneza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa watu wa kawaida wanaopenda kujitengenezea vitu. Jina lake likabakia kuwa jina la kifaa, CMoy, na watu wa nchi nyingi wamekitia ndani ya kopo la bati la peremende za mnanaa, kikawa chaingia mfukoni. Fadhila yake ni uchache wa mahitaji: betri moja ya volti 9, chipu moja yenye miguu 8, na rezista na kapasita zisizofika ishirini kwa jumla. Rezista mbili zilizo sawa, pamoja na kapasita mbili za mikrofaradi 220, huigawa betri katikati, zikapatikana volti 4.5 upande huu na 4.5 upande ule, kwa sababu sauti ni wimbi linalopanda na kushuka na lahitaji nafasi pande zote mbili. Liwekeni akilini hilo la kugawa katikati, maana litarudi tutakapofika kwenye kasha.

Tulishauriwa na watu wawili tusitumie betri, tutumie chaja ya simu. Tulikataa. Chaja za bei nafuu hutia mvumo katika sauti, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba chaja bandia ikiharibika ndani yaweza kuuleta umeme wa ukutani hadi kwenye waya, na waya huo unaishia kichwani mwa mama mzee. Betri ya volti 9 haimdhuru mtu kwa namna hiyo. Ya alkalini huwa na takriban miliampea-saa 500, na kifaa hiki chatumia kama miliampea 10 hadi 12 pamoja na kitaa chake, kwa hivyo hesabu yatoa saa 40 au kupita kidogo.

Chipu ndiyo iliyotusumbua kwanza. Duka la mjini lilitupa moja yenye nambari 4558. Ni chipu nzuri, imo katika vikuza sauti vingi vya bei ndogo, na muuzaji aliapa kuwa ndiyo hiyo hiyo tuliyoitaka. Binti yetu alikuwa ameandika 4556. Akaiweka chini ya kioo cha kukuzia maandishi, akasema, "Baba, ni tarakimu moja tu." Tarakimu moja si kitu kidogo kwa aliyepita chuoni, nukta ikipanda juu ya jino la herufi, ba imekuwa nuni. Hedifoni za Bibi zina ukinzani wa omu 32, nazo zataka mkondo wa kutosha ili zisukumwe. Chipu ya 4558 ilikusudiwa kupeleka sauti kwenye hatua nyingine ya kikuza sauti, isiyohitaji mkondo mwingi. Ile ya 4556 yaweza kutoa hadi miliampea 70. Ukiiweka ya kwanza sauti itatoka, lakini penye herufi nzito itachanika. Iko pia chipu iitwayo OPA2134 inayosifiwa sana na wajenzi wa CMoy, ila sifa zake zimeleta bandia nyingi sokoni, na asiye na mizani ya kuzipima afadhali achukue chipu ya kawaida iliyo ya kweli. Yetu iliagizwa Nairobi, barabara ya Luthuli, ambako maduka ya vifaa vya elektroniki yamebanana kama mikate ya mofa tanurini, ikaja na basi la usiku ikiwa imefungwa ndani ya kibiriti.

Kapasita tulizinunua mpya. Fundi wetu wa mtaani, mtu mwema, alikuwa tayari kutung'olea za bure kutoka runinga kuukuu. Lakini kapasita za namna hiyo zina majimaji ndani, na miaka ya joto huyakausha. Kwa mji wetu huu, mwenye kujenga achukue zilizoandikwa nyuzi 105 badala ya 85, na volti 16 au 25, ijapokuwa betri ni 9 tu. Mstari ulio ubavuni huonyesha upande wa hasi. Ukiigeuza, hufura na yaweza kupasuka.

Kitasa cha sauti nacho kina siri yake. Kinachohitajika ni chenye miguu sita, mitatu kwa kila sikio, na mgongoni pawe pameandikwa A10K. Kilichoandikwa B10K hupandisha ukinzani kwa kiasi kilicho sawa tangu mwanzo hadi mwisho, na sikio la mwanadamu halikuumbwa kuhesabu hivyo: ukikizungusha kidogo tu sauti yaruka, kisha robo tatu ya mzunguko iliyobaki haileti tofauti ya maana. Tulichukua cha A, chenye swichi ndani yake, kinacholia "ta" kikifunguliwa na kikifungwa. Vidole vya Bibi vina baridi yabisi. Swichi ndogo za kusukuma kwa ukucha hazimfai, na hiyo "ta" yampa habari kuwa kifaa kimezimika hata kama hakuuona mwanga wa kitaa. Juu ya mhimili tukavisha kitasa kikubwa cha redio ya zamani.

Sasa lile sharti la daktari. Nguvu ya kukuza hupangwa na rezista mbili kwa kila sikio. Wengi huweka ya omu 10,000 na ya omu 1,000, na sauti hukuzwa mara 11. Fundi alitusihi tufanye hivyo, kwa hoja kwamba mzee hasikii, basi mpeni kubwa. Tukaweka 10,000 na 4,700, nayo yatoa mara tatu na kidogo. Kwa lugha ya desibeli, ya fundi ni 21 na yetu ni 10, na desibeli 10 sikio huzihesabu kuwa ni sauti iliyozidi takriban maradufu. Shirika la Afya Duniani limeweka kipimo cha desibeli 80 kwa saa 40 za juma kwa mtu mzima, na 75 kwa watoto. Kila zinapoongezeka desibeli 3 muda hukatwa nusu, hata ikifika 90 saa zilizobaki kwa juma zima ni 4. Sikio la Bibi limepoteza sehemu, na lile lililobaki ndilo lenye kuhitaji kuchungwa zaidi. Tena nyumbani mna watoto, na kitasa chochote kilicho mbele ya mtoto kitazungushwa hadi mwisho, hata ukiapa. Kifaa chenye kukuza mara tatu kikizungushwa hadi mwisho chasameheka. Chenye mara kumi na moja hakisameheki. Tumeambiwa na wazazi wawili kuwa vijana wao hutembea na hedifoni zinazosikika hadi upande wa pili wa uchochoro. Hao hawahitaji kikuza sauti cha aina yoyote.

Juu ya kulehemu tutasema machache. Uzi wa kulehemia unaouzwa hapa kwa kawaida ni mchanganyiko wa bati na risasi, na risasi ni sumu, hasa kwa mimba na kwa watoto wachanga. Kazi ilifanywa uani penye upepo, mbali na chakula, na mikono ikaoshwa kwa sabuni kabla ya kushika kitu kingine. Moshi unaopanda watoka katika utomvu uliomo ndani ya uzi, nao huwasha mapafu. Kuna mzee mmoja aliyepita akasema chuma cha moto si kazi ya mtoto wa kike. Tukamuuliza ni nani ampikiaye chapati.

Turudi kwenye kasha, ambalo ndilo lililozusha mazungumzo nyumbani. Wazo la kwanza lilikuwa kibakuli cha plastiki chenye kifuniko, cha kutilia chakula. Ni chepesi, hakipitishi umeme, na hutobolewa kwa msumari wa moto. Mjomba wa watoto, ambaye ni seremala, akajitolea kisanduku cha mbao ya mbambakofi chenye nakshi, na kwa hakika kilikuwa kizuri kuliko vyote. Vyote viwili vilishindwa na simu ya Bibi. Bibi ana simu ya kabambe, nayo hulala kando ya mto wake usiku na mchana, kwa sababu ndiyo wanawe walioko Jeddah na Muscat wampigiayo. Simu za namna hiyo zikiitafuta minara au zikikaribia kulia, hutoa mawimbi kwa vipindi, na saketi ya sauti iliyo wazi huyadaka. Bila shaka mmewahi kuusikia mlio ule katika spika za msikiti: trrr-trr-trrr, kisha simu ya mtu yalia. Katika hedifoni mlio huo ni kama nyuki ndani ya sikio. Plastiki na mbao haziyazuii mawimbi hayo. Madini huyazuia, madhali mwili wa kasha umeunganishwa na saketi. Mbao yaweza kuvishwa karatasi ya foili kwa ndani, na wako wafanyao hivyo vizuri, lakini foili hukunjika na kuchanika, na kipande kimoja kikigusa mahali pasipostahili kimeua kifaa.

Basi ni madini. Mkebe wa bati wa vifaa vya jometri wa binti yetu ulikuwa na urefu mzuri, ila kina chake kwa ndani kilikuwa milimita 16, na betri ya volti 9 ina unene wa milimita 17 na nusu. Mkebe wa biskuti ungekaa juu ya kitanda kama sufuria. Yapo makasha ya alumini yaliyo tayari kutobolewa, mazuri mno, ila bei ya moja ilizidi bei ya vipuri vyote vilivyomo ndani, na rangi yake ya juu haipitishi umeme hata ukwangue pale panapogusa jeki. Hali kadhalika kopo la chuma lililopakwa bati, kwa nyumba kama yetu iliyo hatua chache kutoka bahari, huanza kutu pale pale ulipolitoboa.

Bibi alikuwa akiyasikia haya kwa sehemu, kwa namna yake. Jioni moja akatoka chumbani na kijaluba.

Wasomaji walio vijana huenda hawakijui kijaluba ila katika makumbusho. Ni kikasha cha madini chenye bawaba, ambamo bibi zetu waliweka tambuu, popoo na chokaa. Hiki alipewa na mamake siku ya harusi yake, na kifuniko chake kimechorwa majani. "Hiki hakina kazi tena," akasema. "Tambuu nimeiwata tangu meno kung'oka. Toboani."

Pakawa kimya. Mama wa watoto wetu ndiye aliyekataa mwanzo, kwa machozi, kwamba kitu cha bibi yake hakitiwi keekee. Sisi tulikuwa na suala jingine la kutangulia hilo. Kijaluba kilionekana cheupe, na kama ni fedha tupu, fiqhi tuliyosomeshwa ya Imamu Shafi'i yakataza kutumia vyombo vya dhahabu na fedha, kwa wanaume na kwa wanawake, na katazo halikuishia kwenye kula na kunywa. Pambo la mwanamke mwilini lina hukumu yake mbali. Tukakipeleka kwa sonara. Akakikwangua chini kidogo, pakatoka manjano: ni shaba, iliyopakwa fedha nyembamba ambayo hata ikitiwa motoni haitakusanyika ikawa kitu. Kwa hali hiyo hakuna ubaya.

Tena hakuna kasha lililofaa zaidi. Shaba huyazuia mawimbi, haili kutu nyekundu, na hutobolewa kwa urahisi kuliko chuma. Kina chake kilikuwa milimita 28, nafasi ya kutosha. Likabaki swali la nani mwenye kauli. Ilipendekezwa kijaluba kihifadhiwe kwa ajili ya wajukuu. Lakini mirathi huanza mwenye mali akishaondoka, na mwenye kijaluba alikuwa ameketi mbele yetu, akili yake timamu, akiwa amekwisha sema anachotaka. Mama wa watoto akamwomba jambo moja tu, kifuniko chenye majani kisiguswe. Bibi akasema, "Na ni nani awekaye kitasa juu ya kifuniko?"

Matundu manne yaliwekwa katika ubavu mmoja mwembamba usio na nakshi: mawili ya milimita 6 kwa jeki ya kuingiza na ya kutoa, moja la milimita 7 kwa kitasa, na moja dogo la kitaa. Kwanza binti yetu alikata kielelezo cha karatasi na kukibandika, akatia alama kwa msumari, kisha akaweka kipande cha mbao ndani ya kijaluba ili keekee isiubonyeze ubavu, akaanza na sindano ya milimita 3 na kupanua hatua kwa hatua. Kabla ya hapo kijaluba kilisafishwa chokaa ya miaka mingi iliyoganda pembeni, kwa maji ya ndimu, kikasuuzwa na kukaushwa juani siku nzima, maana chokaa huvuta unyevu na hula waya. Kingo za matundu zikapigwa tupa, na zile ambazo hazikupaswa kugusana na jeki zikapakwa rangi ya kucha ili chumvi ya hewa isiziingie. Kwa anayetaka kuuliza, kijaluba hakitawadhi, kwa hivyo rangi ya kucha yafaa.

Sasa twalirudia lile la kuigawa betri katikati. Jeki za madini huunganisha mwili wa kasha na ile nukta ya kati, wala si na upande wa hasi wa betri kama wengi wadhanivyo. Kwa hiyo mwili wote wa kijaluba uko volti 4.5 juu ya hasi na 4.5 chini ya chanya, na waya wowote wa betri ukigusa ukuta wake, nusu ya betri imekutana na nafsi yake. Ubao wa saketi umelazwa juu ya kipande cha plastiki kilichokatwa kutoka jalada la faili, betri imevishwa kitambaa, na waya mfupi umelehemiwa kutoka mwilini hadi kwenye kifuniko, kwa kuwa bawaba ya zamani haiaminiki kupitisha umeme.

Hedifoni hazikuchomekwa mara moja. Saketi hii haina kapasita mwishoni ya kulinda, kwa hivyo kosa moja la kulehemu laweza kupeleka volti nzima za betri kwenye hedifoni na kuziunguza. Binti yetu alipima kwa mita kila upande wa jeki ya kutokea pasipo sauti. Pakisoma milivolti chache, chini ya 20, ni salama. Yake yalisoma 4 na 6. Akajaribu kwanza hedifoni za bei rahisi za simu, akatuita.

Bibi aliketi juu ya mkeka baada ya Alasiri, kabambe yake ubavuni. Alizungusha kitasa mwenyewe, "ta", kisha robo, kisha nusu, akaacha hapo. Hatukujua anasikia nini. Baada ya muda alinyanyua upande mmoja wa hedifoni, akamtazama bintiye, akasema, "Kuna mtoto aliaye nyuma. Ni wewe huyo, ulikuwa ukiota meno, nami nimekupakata nyuma ya pazia." Kaseti zile zimesikilizwa na watu wengi kwa miaka arubaini, na hakuna aliyewahi kutaja kilio cha mtoto. Tulizichukua hedifoni tukasikiliza kwa zamu. Kimo, kidogo sana, chini ya sauti ya marhumu, na marhumu akanyamaza kidogo kukingoja kipite.

Simu ya kutoka Muscat iliingia papo hapo. Katika hedifoni hapakuwa na mlio wowote.

Betri ya kwanza imedumu siku kumi na tisa, kwa saa mbili kila siku baina ya Alasiri na Magharibi. Ya pili iko ndani. Kielelezo cha matundu na mchoro wa saketi vimebandikwa ukutani katika chumba cha wasichana pale madrasa, na binti yetu yuko hapo Jumamosi asubuhi kwa atakayekuja na kasha lake. Tafadhali aje na mita.

Wabillahi tawfiq.